Barabara, Njia za Baiskeli na Mitaa ya Zamani ya Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vijana wenye vyombo vya kupimia wakionekana wanapigilia vigingi kando ya barabara, habari huwa imeshaenea barazani kabla jua halijazama, na maswali huwa mengi kuliko majibu. Hapa yamekusanywa maswali ambayo wakazi, wapangaji na wenye maduka wa Uhindini, Madukani, Majengo, Viwandani na Makole huyauliza zaidi kuhusu ujenzi wa barabara na njia za baiskeli katika sehemu kongwe ya jiji. Anayeyajibu amekulia Majengo, na haufichi upande wake: mtaa wa zamani unaweza kupokea barabara nzuri na bado ukabaki mtaa, ila jambo hilo huamuliwa na vipimo vidogo ambavyo wengi wetu tumezoea kumwachia mkandarasi.

Dodoma si mji mpya? Ni sehemu gani inayostahili kuitwa ya kihistoria?

Wengi waliohamia baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma huliona jiji hili kama lililoota juzi. Kumbe mji ulianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1907, wakati Reli ya Kati ikisogea kutoka Morogoro kuelekea Tabora, katika nchi ya Wagogo ambayo kabla ya hapo ilikuwa njia ya misafara ya kwenda na kutoka pwani. Jina lake huhusishwa na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama, kutokana na masimulizi ya tembo aliyekwama kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Reli ndiyo iliyouchora mji: stesheni ikakaa katikati, na makazi yakagawanywa kwa rangi za watu, ndiyo maana tukarithi majina ya Uzunguni na Uhindini hata baada ya ubaguzi wenyewe kuondoka. Jina la Jamatini, ambalo vijana hulijua kama kituo cha daladala tu, linakumbusha jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia.

Sehemu hiyo ndiyo tunayoizungumzia: mitaa mifupi inayokatana kama mistari ya ubao wa drafti, barabara zinazotajwa kwa namba, maduka ya chini yenye baraza na nguzo mbele, na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Haya si majumba ya fahari, na hakuna mtalii anayekuja kuyapiga picha. Thamani yake imo katika nafasi iliyopo kati ya nyumba na nyumba, kwa kuwa aliyeketi baraza hili anaweza kumwamkia mzee wa baraza la ng'ambo bila kupaza sauti, na mtoto anaweza kutumwa chumvi duka la pili huku mama yake akimwona kwenda na kurudi.

Kwa nini barabara zinajengwa na kupanuliwa kwa kasi namna hii?

Sababu ya kwanza ni watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Dodoma mjini, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Mji uliokuwa manispaa tangu mwaka 1980 ulitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, wizara zikajenga Mtumba, na stendi kuu ya mabasi ikahamia Nzuguni, kwa hiyo safari ambazo zamani zilikuwa za mwendo wa dakika kumi kwa miguu sasa ni za kilomita kumi na zaidi.

Sababu ya pili ni kwamba Dodoma iko kwenye njia panda ya nchi. Barabara inayotoka Dar es Salaam na Morogoro kwenda Singida, na kutoka huko kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo, inakutana hapa na ile inayotoka Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Kwa miaka mingi malori ya njia hizo mbili yalikuwa hayana pa kupita ila ndani ya mji wenyewe.

Barabara ya mzunguko wa nje ikikamilika, magari katikati ya jiji hayatapungua yenyewe?

Malori ya masafa marefu yatapungua, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Barabara hiyo ya njia nne ina urefu wa kilomita 112.3 na inapita Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa na Matumbulu, ikifadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Dereva anayetoka Morogoro kwenda Singida hatakuwa na sababu ya kuingia mjini isipokuwa ana mzigo wa kushusha.

Hata hivyo, gari la mtumishi anayetoka Ilazo kwenda kununua vitambaa Madukani halitapita mzunguko wa nje. Nafasi itakayoachwa na malori itajazwa na magari madogo ndani ya muda mfupi, kama ilivyotokea katika miji mingi duniani, kwa sababu watu hukata shauri la kuendesha gari kwa kutazama kama njia iko wazi. Ndiyo maana wakati wa kuamua matumizi ya nafasi hiyo, yaani ni kiasi gani kiwe cha magari, cha baiskeli, cha miti na cha waenda kwa miguu, ni sasa, kabla magari hayajaizoea. Nafasi ikishazoewa kuwa ya maegesho, kuirudisha kwa watu huwa vita.

Barabara ikipanuliwa, ni nini hasa hubadilika mtaani?

Watu hutazama nyumba iliyobomolewa, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mabadiliko makubwa zaidi hutokea kwenye nyumba zilizobaki. La kwanza ni kuvuka. Mtaa wenye upana wa mita sita huvukwa kwa hatua nane. Ukifanywa kuwa wa njia nne wenye ukuta wa zege katikati, mzee wa kwenda msikitini au kanisani hulazimika kutembea hadi kwenye kivuko cha pundamilia, asubiri, avuke nusu, asubiri tena. Baada ya mwaka mmoja anaacha kwenda kila siku. Nyumba bado ipo, na yeye bado yupo, lakini mtaa wa upande ule umekuwa mji mwingine.

La pili ni baraza. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, inaposogea hadi kwenye ngazi za nyumba, baraza ndilo huliwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi lilijengwa nje ya mstari wa kiwanja na halina karatasi. Baraza ni sebule ya wanaume wakati wa jioni, ni duka la mama anayekaanga maandazi alfajiri, na ni mahali pa kuwekea viti wakati wa msiba. Hakuna safu yoyote katika jedwali la gharama za mradi inayolitaja, na kwa hiyo hakuna anayeulizwa limekwenda wapi.

La tatu ni kelele na mwendo, nalo lina swali lake hapo chini.

Kwa nini nyumba yangu imekuwa chini ya barabara, na sasa maji yanaingia ndani?

Hili ndilo swali linaloumiza zaidi katika mitaa ya zamani, na linastahili jibu refu.

Barabara ya lami haimwagwi juu ya ardhi tupu. Chini yake kuna udongo uliosawazishwa na kushindiliwa, juu yake tabaka la kifusi, mara nyingi kilichochanganywa na saruji, kisha kokoto, ndipo lami. Matabaka hayo yakijumlishwa hufikia nusu mita kwa urahisi. Mkandarasi ana njia mbili: kuchimba udongo wa zamani na kuuondoa ili barabara mpya ibaki katika kimo cha ile ya awali, au kurundika matabaka juu ya kilichokuwepo. Njia ya pili ni ya haraka na ya bei nafuu, kwa kuwa haina gharama ya kuchimba na kusomba udongo kwenda kuutupa mbali. Katika eneo lisilo na nyumba haina madhara makubwa. Katika mtaa wenye nyumba zilizojengwa kabla ya uhuru, ambazo sakafu zake ziko kiganja kimoja tu juu ya ardhi, huigeuza barabara kuwa tuta na nyumba kuwa bwawa. Kosa hilo hurudiwa kila lami mpya inapowekwa juu ya ile ya zamani bila kuikwangua kwanza.

Dodoma hudanganya katika jambo hili. Mvua yetu ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo anayepita hapa mwezi wa Agosti, upepo unapopeperusha vumbi jekundu, hawezi kuamini kwamba kuna tatizo la maji. Lakini mvua ya nchi kame huja kwa kishindo. Hunyesha kwa saa moja au mbili juu ya ardhi ngumu iliyokauka, na maji hayazami, yanakimbia. Kila mita ya lami na zege inayoongezwa huyafanya yakimbie zaidi. Mtaro usio na mwisho, yaani ule unaoishia mbele ya nyumba ya mtu kwa sababu fedha ya awamu hiyo imeishia hapo, hauondoi maji mtaani. Unayakusanya na kumpelekea mtu mmoja.

Baraza la nyumba ya wazazi wangu lilikuwa na ngazi mbili za kupanda. Baada ya barabara ya mbele yake kufanyiwa kazi mara mbili kwa miaka tofauti, na wakandarasi tofauti, sasa mtu hushuka ngazi moja kuingia ndani. Mama alijenga kingo ya matofali mlangoni, na kila masika anaziba nyufa zake kwa saruji. Hakuna aliyekuja kumbomolea, kwa hiyo hakuna aliyemlipa.

Mambo mawili huzuia hali hii: kimo cha barabara kilichokamilika kiandikwe kwenye mchoro kikilinganishwa na sakafu za nyumba zilizopo, na mtaro uchorwe hadi mwisho wake, kwenye korongo au kalavati, kabla ya kuanza kuchimbwa.

Mwendo wa magari unahusiana vipi na uhai wa mtaa?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 pale ambapo magari yanachanganyika na watoto, wazee na waendesha baiskeli. Tofauti ya 50 na 30 inaonekana ndogo masikioni, lakini nguvu ya mgongano haiongezeki kwa kadiri ya mwendo. Inaongezeka kwa mraba wake, hivyo gari lililo kwenye kilomita 50 linabeba karibu mara tatu ya nguvu ya lile lililo kwenye 30.

Bango peke yake halipunguzi mwendo. Barabara pana, iliyonyooka na yenye lami laini humwambia dereva akanyage mafuta, hata kama bango linasema vingine. Matuta husaidia, lakini matuta makali huwaumiza wagonjwa na wajawazito na hupasua kuta za udongo kwa mtikisiko wa malori yanayoyaruka. Katika mitaa ya zamani dawa bora ni njia ya gari iliyopunguzwa upana hadi mita tatu, makutano yaliyoinuliwa kidogo ili gari lipande kwenye kimo cha mwenda kwa miguu, na miti iliyo karibu na ukingo.

Njia ya baiskeli ni nini hasa? Je, mstari wa rangi barabarani unatosha?

Hautoshi. Mstari wa rangi ni ombi. Njia ya baiskeli iliyo kamili imetengwa na magari kwa ukingo wa zege, kwa mtaro uliofunikwa au kwa safu ya miti, ina upana usiopungua mita moja na nusu kwa upande mmoja, na afadhali mbili, kwa sababu baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa haipitwi kwa urahisi. Ikiwa waendeshaji wa pande zote mbili wanatumia njia moja, mita tatu ndicho kipimo cha kufikiria. Iliyo muhimu kuliko upana ni mwendelezo: njia inayokatika kwenye kila kipilefti na kila kituo cha daladala humtupa mwendeshaji katikati ya magari mahali palepale penye hatari kubwa kuliko pote.

Ndani ya mitaa yenyewe, ambako nyumba zimekaribiana, mara nyingi haihitajiki njia ya pekee. Mtaa ambao magari yanakwenda kwa kilomita 30 au chini ya hapo, na ambao hautumiki kama njia ya mkato, tayari ni njia ya baiskeli. Kulazimisha njia ya mita mbili pembeni ya mtaa wa mita sita maana yake ni kulibomoa baraza kwa jina la baiskeli, na hilo si bora kuliko kulibomoa kwa jina la gari.

Baiskeli si jambo la Ulaya lililoletwa na wafadhili?

Jibu ni la kushangaza kwa wengi: Dodoma iliwahi kupangwa kuwa mji wa watembeao na waendesha baiskeli kabla miji mingi ya Ulaya haijaanza kuzipunguza barabara zake ili kuwapa nafasi. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamisha makao makuu, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoizoea kwa herufi za CDA, na mwaka 1976 ukakamilika mpango mkuu wa kwanza uliotayarishwa na kampuni ya wapangamiji kutoka Toronto, Kanada. Mpango huo ulikataa mji wa majengo ya kutisha na barabara za gwaride. Ulikusudia makazi yaliyounganishwa kwa njia za mabasi, na ndani yake njia za miguu na za baiskeli zinazompeleka mtu shuleni, sokoni na kazini bila kulazimika kuwa na gari. Ulilingana na fikra za Mwalimu Nyerere za maendeleo yanayomtazama mtu kwanza, na ulilingana pia na mfuko wa nchi ambayo haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta.

CDA ilivunjwa mwaka 2017, na sehemu kubwa ya mtandao ule wa njia haikujengwa, au ilipimwa kisha ikamezwa na viwanja. Nikiitazama ramani ya jiji leo, naona kwamba anayedai njia ya baiskeli kutoka Chang'ombe au Nkuhungu hadi katikati ya mji hadai kitu kigeni. Anadai deni.

Zaidi ya hayo, baiskeli hazijawahi kuondoka. Amka alfajiri usimame kwenye barabara yoyote inayoingia mjini, utawaona wauza maziwa, wabeba mkaa, wenye madumu ya maji, mafundi waashi wenye pima maji na kolego vilivyofungwa kwenye fremu, na wakati wa msimu, wenye matenga ya zabibu. Nchi hii imetandazika na vilima vyake vimesimama kimoja kimoja, kwa hiyo mguu hauchoki mapema. Kinachochosha ni jua na upepo. Wasichana na akina mama ndio wachache, na wakiulizwa hutaja magari kabla ya kutaja jambo jingine lolote.

Njia za baiskeli si zitajaa bodaboda na meza za biashara, kama Dar es Salaam?

Hofu hiyo ina msingi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilijengwa pembeni yake, na sehemu nyingi bodaboda zimezifanya njia za mkato huku wachuuzi wakizipanga bidhaa. Somo la kuchukua si kwamba Watanzania hawazitaki njia hizo. Bodaboda huingia kwa sababu mlango wa njia ni mpana na hauna nguzo fupi za kuizuia pikipiki. Mchuuzi hupanga bidhaa hapo kwa sababu ndipo watu wanapopita, na mchoro haukumpa sehemu nyingine.

Kwa hiyo mchoro unaomsahau mchuuzi unamkaribisha kwenye njia ya baiskeli. Soko la wazi la machinga limejengwa, na ni jengo zuri, lakini mama lishe anayewapikia mafundi wa gereji hawezi kuwafuata wateja wake kutoka upande wa pili wa mji. Ukanda wa mita moja na nusu kati ya njia ya baiskeli na ukuta wa maduka, uliowekwa pevingi na kivuli cha mti, utamtosha yeye na meza yake, na utailinda njia kuliko mgambo wanavyoweza kuilinda.

Mteja akikosa pa kuegesha gari mbele ya duka langu, biashara haitakufa?

Wenye maduka wa mji wa Groningen nchini Uholanzi waliuliza swali hilo mwaka 1977, jiji lao lilipoigawa sehemu yake ya kati katika vipande vinne na kuzuia magari kuvuka moja kwa moja kutoka kipande kimoja hadi kingine. Mwenye gari alilazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko na kuingia upya, wakati mwenye baiskeli alivuka kwa dakika chache. Leo mji huo ni miongoni mwa miji yenye waendesha baiskeli wengi kuliko yote, na katikati yake pana maduka. Sisi hatuko Groningen, lakini tunajengewa barabara ya mzunguko, na wazo la kulifanya gari lizunguke huku mtu akipita moja kwa moja halihitaji fedha nyingi.

Kwa hapa kwetu, hesabu rahisi ni hii: mahali panapoegeshwa gari moja panatosha baiskeli nane hadi kumi. Gari la mbele ya duka, kwa ninavyoona kila ninapopita Madukani, aghalabu ni la mwenye duka mwenyewe, nalo hukaa hapo tangu asubuhi hadi jioni.

Nyumba za zamani za Uhindini na Majengo hazilindwi na sheria ya mambo ya kale?

Kwa kawaida hazilindwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Dodoma haina jengo la mjini la umri huo. Jengo la baadaye hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Ina maana kwamba stesheni, maduka ya kale na nyumba za wafanyakazi wa reli zinaweza kuwa na umri unaozidi miaka mia moja bila kuwa na kinga yoyote, na mmiliki wa duka lenye nguzo za mbao anaweza kulivunja Jumamosi ili Jumatatu aanze msingi wa ghorofa. Hali hii hainipi raha. Jambo linalowezekana bila kungoja sheria mpya ni kuyaorodhesha majengo hayo kwa picha na vipimo, na kuomba orodha hiyo iambatanishwe na mpango wa jiji, ili barabara inapochorwa upande wa kupanuliwa uchaguliwe kwa kujua kilichopo.

Nikiwekewa alama ya X, nina haki gani?

Kwanza ujue uko kwenye barabara ya aina gani. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 huhesabiwa kuwa amevamia hifadhi na huwekewa X nyekundu. Aliyekuwepo kihalali katika zile mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani na anastahili fidia eneo lake linapohitajika. Kwa mitaa ya ndani, mpaka ni ule ulioonyeshwa kwenye ramani ya mipango miji.

Fidia kamili haihusu kuta peke yake. Kanuni za mwaka 2001 za uthamini kwa ajili ya fidia zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri ya mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na upotevu wa faida kwa mwenye biashara, nao kwa miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inadaiwa. Usisaini fomu ya uthamini ambayo hujaisoma safu kwa safu, na mwenye biashara aanze kuandika hesabu zake leo, kwa sababu faida isiyoandikwa haithibitiki.

Na wapangaji?

Mpangaji ndiye anayepoteza kwa ukimya. Hamiliki ardhi wala jengo, kwa hiyo sehemu kubwa ya hesabu hiyo haimgusi, ingawa huenda ameishi katika chumba hicho miaka ishirini. Barabara ikikamilika, taa zikawaka na vumbi likatulia, kodi hupanda. Mwenye nyumba akipata mnunuzi wa kujenga ghorofa, nyumba ya vyumba sita iliyohifadhi familia sita hugeuka kuwa ofisi. Njia nzuri ya baiskeli nayo inaweza kuleta matokeo hayohayo, na si haki kwetu tunaoipigania kujifanya hatujui. Mkataba wa maandishi unaotaja muda wa notisi ni kinga ndogo, lakini ni kinga.

Miti iliyokatwa itarudishwa?

Ipandwe tena kwa mkataba, siyo kwa ahadi. Mwarobaini au mjohoro huhitaji miaka kadhaa ya kumwagiliwa katika ukame wetu kabla ya kutoa kivuli cha mtu mmoja, hivyo mkandarasi aliyeondoka baada ya kupanda miche hajarudisha kitu. Pale inapowezekana, njia ya baiskeli ipitishwe nyuma ya mti uliopo.

Nimpelekee nani malalamiko?

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za mjini na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mipango ya matumizi ya ardhi, masoko na vibali vya ujenzi viko kwa Halmashauri ya Jiji. Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakati gani wa kutoa maoni, na niulize nini?

Wakati wa upembuzi na usanifu, si wakati greda limeshafika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari za mradi, na mkutano wa mtaa unaoitishwa kwa ajili hiyo ndio mlango wenyewe. Swali la jumla kama mradi huu utatunufaisha vipi hupata jibu la jumla. Uliza kwa mita: kimo cha barabara mbele ya nyumba namba fulani kitakuwa kipi, mtaro unaishia wapi, umbali kati ya kivuko na kivuko ni mita ngapi, njia ya gari ina upana gani, na kigingi cha mwisho kiko upande gani wa mti ule. Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kabla haujafungwa.

Mama yangu ni mzee na hawezi kufika mkutanoni. Tufanye nini nyumbani?

Kabla kazi haijaanza, mwiteni fundi mwashi mmoja mwenye mpira wa kupimia maji. Apime tofauti ya kimo kati ya sakafu ya ukumbi na katikati ya barabara iliyopo, na apige alama ya rangi ukutani, mahali ambapo haitafutika. Pigeni picha ya baraza, mlango, nyufa zote zilizopo na mti wa mbele, picha moja ionyeshe nyumba pamoja na za majirani wa pande zote mbili. Andikeni vipimo hivyo kwenye barua fupi yenye tarehe, jirani mmoja aisaini kama shahidi, kisha nakala moja ipelekwe ofisi ya mtaa na nyingine ibaki ndani ya bahasha yenye hati ya nyumba. Mvua za kwanza baada ya barabara kukamilika, mtu arudi kwenye alama ile na kupima tena.